Majeraha ya milipuko ya silaha za majini

Majeraha ya milipuko ya silaha za majini ni madhara ya mwili yanayoletwa na makombora ya manowari, topido, mabomu ya kutegwa baharini na silaha nyingine zinazolipuka melini, bandarini au chini ya maji. Huwapata zaidi askari wanamaji, lakini raia walio karibu hawasalimiki. Kuyatibu ni kazi ya daktari. Kuyaandika kwa msimbo sahihi ni kazi inayoanza kwa daktari huyohuyo, kwa sababu chanzo cha jeraha kisipoulizwa kitandani hakiwezi kubuniwa baadaye ofisini.

Historia katika pwani

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliipiga ikulu ya Zanzibar ili kumng'oa Sultani Khalid bin Barghash. Vita vilikwisha chini ya saa moja. Upande wa Khalid waliokufa na kujeruhiwa walikadiriwa kuwa 500, askari na raia pamoja. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia HMS Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo yake. Mizinga ya Pegasus haikuweza kumfikia adui. Mabaharia 38 walikufa na 55 walijeruhiwa. Baadhi ya marehemu walizikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Mwezi wa Agosti 1916 ilikuwa zamu ya Bagamoyo, ambako mizinga ya meli za Uingereza ilisaidia kuuteka mji kutoka mikononi mwa Wajerumani.

Namna mlipuko unavyojeruhi

Madaktari hugawa madhara katika makundi manne: ya wimbi la mgandamizo lenyewe, ya vipande vya chuma na mbao vinavyorushwa, ya mtu kutupwa na kugonga kitu, na mengine kama kuungua na kuvuta moshi. Ndani ya meli yote manne hukutana, kwa kuwa kuta za chuma huakisi wimbi na moto huenea katika vyumba vilivyofungwa.

Chini ya maji hali hubadilika. Maji hayagandamiziki kwa urahisi kama hewa, na mgandamizo husafiri humo kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kwa hiyo mlipuko huua kwa umbali mkubwa kuliko ule wa hewani. Viungo vyenye hewa ndivyo huumia kwanza: masikio, mapafu na utumbo. Aliyeopolewa baharini anaweza kuwa hana hata mchubuko, huku utumbo wake umepasuka.

Huduma

Damu inayotoka kwa wingi huzuiwa kwanza, kwa kukandamiza jeraha au kufunga mkanda wa kukaza juu yake. Hufuata njia ya hewa na oksijeni. Mashine ya kupumulia hutumiwa kwa tahadhari, maana mapafu yaliyopasuka yanaweza kuruhusu viputo vya hewa kuingia kwenye damu. Maji ya mishipani hupimwa, kwani yakizidi hudhuru mapafu. Kiwambo cha sikio kikiwa kizima hakithibitishi kwamba mapafu yamesalimika. Mgonjwa aliyekuwa ndani ya maji huchunguzwa tumbo mara kwa mara, kwa kuwa kutoboka kwa utumbo kunaweza kujitokeza baada ya siku moja au zaidi.

Usimbaji

Katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la kumi (ICD-10), mgonjwa mmoja huandikiwa misimbo ya aina mbili. Ya kwanza hueleza jeraha: S09.2 kwa kiwambo cha sikio kilichopasuka, S27.3 kwa mapafu, S36 kwa viungo vya tumbo, T70.8 kwa madhara ya mgandamizo wa mlipuko. Ya pili hueleza chanzo: Y36.0 ni mlipuko wa silaha za majini katika vita, na Y36.8 ni madhara ya vita yatokeayo baada ya mapigano kukoma, kama bomu la zamani kulipuka.

Toleo la Shirika la Afya Duniani halitenganishi askari na raia katika Y36.0. Toleo la Marekani huwatenganisha: Y36.030A ni askari aliyejeruhiwa vitani na kombora la meli, katika matibabu ya awali, na Y36.031A ni raia. Marekani pia hutumia Y37 kwa operesheni za kijeshi zisizo za vita.

Pwani ya Tanzania leo

Katika pwani ya Tanzania mlipuko wa majini wa zama hizi umetokana zaidi na uvuvi haramu wa baruti kuliko vita. Mvuvi aliyekatika mkono kwa baruti ana jeraha linalofanana na la baharia wa 1914, na huduma ya kwanza ni ileile; chanzo chake, hata hivyo, ni W40, mlipuko wa vitu vingine, wala si Y36.0. Akiandikwa kama majeruhi wa vita, au akiandikwa "ajali" bila maelezo, takwimu za wilaya huficha tatizo la baruti. Askari wa vitani naye akiandikwa "ajali" tu hukosa ushahidi wa kudai haki ya ulemavu alioupata kazini. Kwa hiyo faili la kila majeruhi linapaswa kutaja mambo manne: kilicholipuka, mahali, kazi ya mgonjwa, na kama alikuwa ndani ya maji.