Biashara ndogo ya nyumba za kupangisha mijini Tanzania

Biashara ndogo ya nyumba za kupangisha ni shughuli ya mtu mmoja, wanandoa au ndugu wachache wanaomiliki vyumba vya kukodisha, kuanzia vitatu au vinne hadi nyumba kadhaa, na kupata kipato kutokana na kodi ya wapangaji. Wapangaji wengi wa mijini Tanzania wanaishi katika nyumba za namna hii, si katika majengo ya mashirika. Makala haya yanahusu zaidi Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, ingawa mengi yanayoelezwa yapo pia Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma.

Historia

Chimbuko la biashara hii ni nyumba ya Kiswahili. Katikati pana ukumbi unaotoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vinatazamana pande zote mbili, kwa kawaida vitatu kila upande, na uani kuna jiko, stoo, choo na bafu vya pamoja. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke zilijaa nyumba za aina hii kabla ya maghorofa kuanza kuzimeza. Ubora wa mpango huo ulikuwa wepesi wake wa kugawanyika: chumba kimoja kilitosha kuwa biashara, na mtu asiye na mshahara mkubwa aliweza kuwa mwenye nyumba bila kuhama kwake. Wanawake walinufaika sana nao. Hata nchini Kenya, huko Pumwani, Nairobi, katika miaka ya 1920 na 1930, wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wenye nyumba, na pwani yote mama mwenye nyumba ni mtu anayejulikana mtaani.

Baada ya uhuru Serikali iliingia yenyewe katika upangishaji. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilihamishia kwa Serikali majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mali yake iliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita kwa kawaida haikufika kiwango hicho, ikaachwa mikononi mwa mwenyewe. Ni haki kusema kwamba hofu ya mwaka 1971 iliwafanya wengi waone kuwa usalama uko katika udogo, na mazoea hayo yalidumu muda mrefu. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 nayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi hupangwa kwa makubaliano ya pande mbili.

Ardhi na nyaraka

Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Mwananchi hupata haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, na asiye raia haruhusiwi kuimiliki isipokuwa kwa uwekezaji uliopitishwa kisheria. Kwenye viwanja vilivyopimwa haki hiyo huthibitishwa kwa hati miliki. Lakini sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilijengwa kabla ya kupimwa, na huko mwenye nyumba huwa na karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa, au leseni ya makazi, ambayo ni ya miaka michache na huhuishwa. Leseni si hati. Anayenunua nyumba ya kupangisha kwa kutegemea leseni anapaswa kuilipia bei ya leseni.

Mombasa, nchini Kenya, kuna jambo lisilo la kawaida kwingineko: nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta na bati, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi, na nyumba hiyohiyo inapangishwa kwa mtu wa tatu. Mpango huo umewapa maelfu ya watu makazi, lakini unamweka mwenye nyumba katika hatari kila ardhi inapouzwa, na hesabu zote za makala haya hubadilika kabisa pale ambapo kiwanja si chako.

Kujenga kwa awamu

Mkopo wa nyumba wa benki ni nadra. Sheria ya kuuwezesha ilipitishwa mwaka 2008 na kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu, TMRC, ikaanzishwa mwaka 2010, lakini idadi ya mikopo nchini imebaki maelfu machache. Kwa hiyo nyumba hujengwa kwa akiba: kiwanja mwaka huu, msingi mwaka ujao, kisha kozi hadi lenta, halafu boma linakaa likisubiri fedha za kupaua. Wengi huanza na vyumba viwili vya uani, wakavipangisha ili kodi yake isaidie nyumba kubwa.

Hapo ndipo palipo siri ya ukuaji wa biashara hii, na waandishi wa vitabu vya uwekezaji mara nyingi hawapatazami. Mpangaji wa Tanzania huombwa kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kabla hajaingia. Kiuchumi, huo ni mkopo usio na riba kutoka kwa mpangaji kwenda kwa mwenye nyumba, na ndio benki halisi ya wajenzi wadogo. Vyumba vinne vikilipwa kwa mwaka siku ya kwanza, fedha inatosha kuweka bati kwenye vyumba vingine viwili. Ila fedha hiyo bado haijawa ya mwenye nyumba. Inakuwa yake mwezi baada ya mwezi, kadiri mpangaji anavyokaa. Akiitumia yote Januari kwa ada za shule na harusi ya ndugu, mwezi wa nne bomba likipasuka hana kitu, na mpangaji aliyekwisha kulipa hawezi kudaiwa tena. Nyumba nyingi zinazoonekana kuchakaa mapema zimeharibiwa na hesabu hiyo, si na wapangaji.

Hesabu ya nyumba

Chukulia mfano wa nyumba ya vyumba 6 iliyogharimu shilingi milioni 30, kila chumba kikipangishwa kwa 50,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hupiga hesabu hivi: 300,000 kwa mwezi, 3,600,000 kwa mwaka, gharama itarudi kwa miaka 8 na miezi kadhaa. Hesabu ya kweli huanza kwa kukubali kwamba kila chumba kitakaa tupu wastani wa mwezi mmoja kwa mwaka, zinabaki 3,300,000. Toa asilimia 10 ya matengenezo na asilimia 10 ya kodi ya Serikali, zinabaki 2,640,000. Toa 200,000 za kunyonya choo na 18,000 za kodi ya jengo. Zinabaki 2,422,000, na gharama inarudi baada ya miaka 12 na zaidi, bila kuhesabu bei ya kiwanja. Biashara bado ni nzuri, kwa kuwa nyumba hubaki na ardhi hupanda bei, lakini si ya kukopea fedha ya riba kubwa na ya muda mfupi. Aliyekopa kwa miaka mitatu ili ajenge nyumba inayolipa kwa miaka kumi na miwili atauza nyumba hiyo.

Kodi ya jengo inakusanywa kupitia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, tangu Agosti 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa mwaka 2023 hadi 1,500. Kwa kuwa anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, yeye ndiye anayekatwa deni lisilo lake. Mwenye nyumba muungwana humrudishia au humpunguzia kwenye kodi, na inafaa mkataba uliseme jambo hilo waziwazi. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, sheria inamtaka azuie asilimia 10 ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Mwenye nyumba adai cheti cha zuio hilo. Mwaka 2025 zilitoka pia kanuni zinazokataza bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, jambo lililogusa hasa nyumba za Masaki na Oysterbay zilizozoea kupangishwa kwa dola.

Mpangaji, dalali na mkataba

Dalali huleta mpangaji na kwa desturi hulipwa kodi ya mwezi mmoja, mara nyingi na mpangaji mwenyewe. Kwa chumba cha bei ndogo mzigo huo ni mkubwa, na nyumba yenye sifa njema hujaa kwa maneno ya wapangaji wake bila dalali. Upangaji usiozidi mwaka mmoja unaweza kukubaliwa kwa mdomo, lakini maandishi huokoa mengi: kiasi cha kodi, muda, notisi, nani analipa maji, umeme unagawanywaje. Umeme ndio chanzo kikuu cha ugomvi uani, hasa mita moja inapotumiwa na vyumba sita, mmoja akiwa na friji na mwingine taa tu. Kufunga mita ndogo kwa kila chumba ni gharama inayolipwa mara moja na amani inayodumu. Kumfungia mpangaji mlango au kung'oa bati ili ahame si njia halali. Mgogoro ukishindikana kusuluhishwa kwenye kata, hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Muundo wa umiliki na urithi

Aliye na nyumba moja hahitaji kampuni. Anahitaji akaunti ya benki ya nyumba, iliyo mbali na fedha za mezani, na daftari. Kampuni, inayosajiliwa kwa wakala wa usajili, BRELA, huanza kuwa na maana pale wanapokuwapo wabia wasio wa familia moja, fremu za biashara, au majengo kadhaa, kwa sababu hisa hugawanyika kwa urahisi kuliko kuta, na mali haisimami kwa kifo cha mtu mmoja. Ndugu wanaochanga bila kampuni wanapaswa kuandikisha umiliki wa kila mmoja kwa mafungu. Wanandoa wanaweza kumiliki pamoja, na nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza.

Kifo cha mwenye nyumba ndicho kinachovunja biashara nyingi za namna hii. Watoto hugawana vyumba, kila mmoja anakusanya kodi ya chumba chake, na hakuna anayepaka rangi wala kuziba bati. Mwishowe nyumba inauzwa ili kila mtu apate fungu lake, na mnunuzi anaibomoa. Wosia ulioandikwa, pamoja na makubaliano kwamba mtu mmoja atasimamia nyumba na wengine watapokea mgawo, ungezuia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Pasipo wosia, ni lazima mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na kabla ya uteuzi huo hakuna mrithi mwenye mamlaka ya kusaini mkataba mpya. Mpangaji aliyemo katika nyumba ya namna hiyo aombe kuona barua ya uteuzi kabla ya kumkabidhi yeyote kodi yake.