Namugongo: Jinsi ya kupumzisha mwili baada ya mwendo mrefu

Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, makundi ya mahujaji hufunga safari ya miguu kuelekea Namugongo, karibu na jiji la Kampala nchini Uganda, mahali ambapo wengi wa Mashahidi wa Uganda walichomwa moto mwaka 1886. Baadhi yao hutoka nchi jirani, zikiwemo Kenya na Tanzania. Kutoka mpaka wa Busia hadi Kampala ni takriban kilomita 200, mwendo wa siku kadhaa. Katika safari ya namna hiyo, nguvu za kesho hutegemea namna msafiri anavyopumzika leo.

Jambo la kwanza ni kutosimama ghafla. Mtu anapotembea, misuli ya mashavu ya miguu husaidia kuisukuma damu irudi moyoni. Akisimama ghafla, damu hutuama miguuni, naye huweza kushikwa na kizunguzungu au hata kuzirai. Hivyo inafaa kupunguza mwendo katika dakika 5 hadi 10 za mwisho, kisha kunyoosha misuli taratibu, kila mguu kwa sekunde 20 hadi 30, bila kufikia maumivu. Kulala chali na kuinua miguu juu ya mzigo hupunguza uvimbe.

Maji hunywewa kidogo kidogo, pamoja na chakula chenye chumvi. Kunywa maji matupu mengi kwa mkupuo huweza kushusha mno kiwango cha chumvi katika damu, hali ambayo ni ya hatari. Aliyetokwa na jasho jingi anaweza kutumia lita 1 ya maji safi iliyochanganywa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Kila jioni miguu ioshwe, ikaushwe vizuri hasa katikati ya vidole, na ikaguliwe. Lengelenge lisitumbuliwe, likipasuka lenyewe, lioshwe kwa maji na sabuni, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi. Mgonjwa wa kisukari asiache ukaguzi huu, kwani huenda asihisi kidonda kinapoanza.

Maumivu ya misuli huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua. Lakini zipo dalili zisizongoja: mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua, au mkojo wenye rangi ya kahawia iliyokolea. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja. Anayechanganyikiwa huku mwili ukiwaka joto apelekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa wakati msaada wa tabibu ukitafutwa. Asipewe kinywaji iwapo hana fahamu, na wenzake wasimwache peke yake kwa kuhofia kuchelewa kufika.