Fataki na Uhaba Wake katika Vita vya Marekani, 1861–1865

Watu wa mwambao wa Afrika ya Mashariki walizipambanua bunduki za kushindilia kwa kile kilichowasha baruti yake. Palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi wenye moto; palikuwa na gumegume, iliyopata jina lake kwa jiwe litoalo cheche; kisha ikaja bunduki ya fataki. Neno hili la mwisho asili yake ni Bara Hindi, nalo lilitajwa kwa kile kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani yake, kivikwacho juu ya kifa na kupigwa na mtambo. Majina haya yaeleza pia, pasipo kukusudia, kila mwenye bunduki alimtegemea nani. Utambi husokotwa nyumbani. Jiwe moja hutosha milio mingi, na likiisha makali huchongwa upya. Lakini fataki hufa kwa mlio mmoja, na mhunzi wa kijijini hana dawa ya kuijaza.

Dawa ya kulipuka kwa kupigwa ilitiwa kwanza katika bunduki na Alexander Forsyth, kasisi wa Kiskoti aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1807. Baada ya miaka 40 hivi majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa yakiacha gumegume, kwani fataki haikujali sana mvua wala upepo. Faida hiyo ilisifiwa mno. Hasara yake haikupimwa barabara mpaka taifa zima lilipofungiwa bahari.

Majimbo ya kusini ya Marekani yalipojitenga mwaka 1861, manowari za kaskazini zilizuia bandari zao. Josiah Gorgas, aliyepewa usimamizi wa silaha za kusini, alikuta viwanda vichache na gumegume nyingi kuukuu, ambazo zilianza kugeuzwa kuwa bunduki za fataki. Kila bunduki iliyogeuzwa iliongeza njaa ya fataki. Desturi ilikuwa kumpa askari pakiti ya risasi 10 pamoja na fataki 12, maana vidole vyenye baridi au hofu huangusha vitu vidogo. Mtu mwenye baruti na risasi tele, lakini hana fataki, alikuwa ameshika fimbo tu.

Uhaba ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ulikuwa wa dawa yenyewe, iliyotengenezwa kwa zebaki, asidi ya naitriki na spiriti. Asidi hiyo hutokana na shura, na shura ndiyo iliyotakiwa kwa baruti pia. Zebaki ilitoka Mexico, na mji wa Vicksburg ulipoanguka tarehe 4 Julai 1863 njia ya kuvuka mto Mississippi ikakatika. Hapo wakemia wakaamua kuacha zebaki kabisa, wakachanganya kloreti ya potasi na salfaidi ya antimoni. Hiyo ya pili si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili: ni wanja wa manga. Mchanganyiko huo uliwaka vema, ila masalio yake huvuta unyevu na kutia bunduki kutu, hata askari asiyesafisha silaha yake upesi aliijutia.

Uhaba wa pili ulikuwa wa shaba. Machimbo ya Ducktown, katika Tennessee, yaliponyoka mikononi mwa kusini mwishoni mwa 1863. Ndipo maofisa walipozikusanya katika North Carolina sufuria za kukenekea tapentaini na pombe kali ya matofaa, zikakatwa na kugandamizwa kuwa vikofia. Ilielezwa baadaye kwamba fataki zote zilizotolewa katika miezi 12 ya mwisho ya vita zilitokana na shaba hiyo, na kwamba kwa ajili yake uundaji wa mizinga ya shaba ulisimamishwa. Uchaguzi huo ulikuwa mchungu, lakini haukuwa wa kipumbavu: mzinga mmoja hula shaba itoshayo maelfu kwa maelfu ya fataki.

Huku Unguja vita hivyo vilijulikana zaidi kwa kuadimika kwa nguo ya merikani kuliko kwa habari za silaha. Hata hivyo jambo lile lile lilifika pwani kwa mlango mwingine. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingizwa kwa silaha bora katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudi 20 kaskazini na 22 kusini, ila uliruhusu, kwa masharti, gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Walioandika mkataba waliihesabu gumegume kuwa silaha hafifu. Hafifu ilikuwa kweli, kwa shabaha na kwa mvua. Lakini mwenye nayo, maadamu alikuwa na baruti, hakuhitaji kungoja kikofia cha shaba kutoka ng'ambo.