Babumoshai Bandookbaaz: wauaji wawili, orodha moja

Haya wadau, wengi mmeniuliza ile picha ya Kihindi ya wauaji wa kukodiwa inaitwaje. Naimwaga hapa yote nisirudierudie.

Inaitwa Babumoshai Bandookbaaz. Ilitoka Agosti 25, 2017, mwongozaji Kushan Nandy, hadithi kaandika Ghalib Asad Bhopali. Hilo neno "bandook" ni ndugu wa bunduki yetu, yote yametoka kwa Waarabu. Bandookbaaz ni mtu wa bunduki. Kama unategemea steringi anayeimba kwenye mvua, umepotea njia. Hapa ni vumbi, jasho, matusi na damu, huko Uttar Pradesh, kaskazini mwa India.

Steringi ni Babu (Nawazuddin Siddiqui). Kwake kuua ni kibarua tu kama kubeba zege. Wanaomtuma ni wanasiasa wa mji mdogo, akiwemo mama mmoja mkali anaitwa Jiji (Divya Dutta). Halafu kuna Phulwa (Bidita Bag), dada fundi viatu, ndiye anayempagawisha. Mara anaibuka kijana Banke (Jatin Goswami), anajidai shabiki wa Babu wa kufa na kupona. Kumbe naye kapewa orodha ile ile ya watu wa kuuawa! Badala ya kumalizana wanawekeana dau: atakayeua wengi ndiye anabaki kwenye soko. Mbele simalizii, ila ile ya kusema steringi hafi, humu msiitegemee sana.

Huyo Nawazuddin si mtoto wa staa. Katokea Budhana, huko huko Uttar Pradesh, akalinda geti Delhi, na mwaka 1999 kwenye Sarfarosh alipewa kipande kidogo mno. Gangs of Wasseypur ya 2012 ndiyo iliyomtoa. Humu anaua huku uso umetulia kama ananunua vocha, na hilo ndilo linalotisha. Kwa maoni yangu nusu ya pili inalegea, na wanawake wa humu wanatumiwa vibaya.

Ila soo lenyewe lilikuwa bodi ya filamu ya India, enzi za Pahlaj Nihalani. Walitaka ikatwe sehemu 48, wakati cheti chenyewe ni cha A, yaani watu wazima tu! Sasa mtu mzima unamficha nini? Wenye picha wakaenda baraza la rufaa, FCAT, wakapita kwa kukata sehemu 8 tu, ndogondogo. Nihalani mwenyewe aliondolewa uenyekiti Agosti 11, wiki mbili kabla picha haijatoka.

Kibaya ni kwamba FCAT ilifutwa mwaka 2021. Mtengeneza picha akibanwa na bodi sasa inabidi aende Mahakama Kuu, na mwenye bajeti kiduchu hiyo hela ya wakili ataitoa wapi?

Mkiipata, iangalieni watoto wakishalala.