Lebo za Tanganyika zinasubiri wasomaji

Mwaka 2015 Rumonge ilifanywa mkoa. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ikapunguzwa kuwa mitano, na mji huo ukajikuta Burunga. Sisi tumeshazoea. Anayehangaika ni mjitolea aliyeketi Ubelgiji mbele ya kompyuta, akisoma lebo ya mmea mkavu iliyoandikwa kwa majina ya zamani, Urundi au Usumbura, na kutakiwa aseme ni wapi.

Kazi hiyo ni ya Bustani ya Mimea ya Meise, karibu na Brussels, yenye sampuli zipatazo milioni 4. Mwaka 2018 ilifungua mtandao wa DoeDat ili yeyote anakili maandishi ya lebo zilizopigwa picha: nani alichuma, lini, wapi.

Tusizidharau lebo. Sampuli za makabatini ziliwahi kuzusha ugomvi mkubwa juu ya ziwa letu. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona yavuyavu katika Ziwa Tanganyika, mnyama ambaye wataalamu walimzoea baharini. Mwingereza J. E. S. Moore akaja, akarudi tena, akakusanya konokono na kuona makombe yao yanafanana na visukuku vya bahari ya zama za Jurasi. Mwaka 1903 akachapisha kitabu: Tanganyika, alidai, ni bahari ya kale iliyonaswa bara. Dai hilo ndilo lililomleta mtafiti W. A. Cunnington mwaka 1904. Alilinganisha viumbe vya hapa na vya maziwa mengine, na maandishi yake ya 1920 yakaizika bahari ya Moore. Ziwa lilitengwa muda mrefu mno, viumbe wake wakabadilika humo humo. Moore alishindwa, ila kwangu kukosea kwake kulituletea faida kuliko ukimya wa wengi.

Wabelgiji wakafuata. Mukeke wa soko la Rumonge, Lates stappersii, ana jina la daktari wao Louis Stappers. Jina la mvuvi halimo. Msafara mkubwa wa ziwa ulikuja 1946, na mwaka 1972 Jean Lewalle akaandika kuhusu uoto wa Burundi ya magharibi.

Inakera kwamba lebo za nyumbani zinasomwa na wasiowahi kukanyaga Kigwena wala Nyanza-Lac. Mwanafunzi wa Rumonge anayejua Kifaransa na majina ya vilima vyake angewapita wengi. Jiandikisheni, vijana, kinachohitajika ni intaneti na macho.