Kiwanja, Mbung'o na Baraza

Ukitoka Rongo, barabara inagawanyika Rodi Kopany: mkono mmoja unateremka Homa Bay, mwingine unashika Ndhiwa na kuendelea hadi Sori, Migori. Njia panda haikosi biashara, na biashara haikosi kutafuta ploti. Kinachozidi kuwa adimu kwenye masoko ya namna hii ni kile Wajaluo wanachokiita pap, uwanja wa wote, wa ng'ombe na wa mpira.

Kwenye karatasi, mlinzi wa pap alijulikana tangu Uhuru. Katiba iliyakabidhi mabaraza ya kaunti ardhi ya udhamini yaishike kwa niaba ya wenyeji. Lakini sheria hiyohiyo iliyapa nguvu ya kuitenga ardhi kwa matumizi mengine. Mwenye ufunguo wa ghala ndiye aliyekuwa na kibaba cha kugawia.

Huko Nyanza Kusini, eneo kubwa la wazi lililosalimika ni bonde la Lambwe, upande wa magharibi wa Ndhiwa. Mwaka 1966 lilifanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 likawa mbuga ya taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120, makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo (swala mkubwa, si yule ndege). Sifa zote, hata hivyo, tusiipe serikali. Mbung'o walikuwa wamelilinda bonde kabla ya sheria yoyote. Malale yaliwafukuza watu na mifugo, na mwaka 1981 ilibidi ndege zimwage dawa juu ya vichaka. Kisha mbuga ilipopandishwa hadhi, ulinzi wake ukawa kazi ya serikali kuu.

Kiwanja cha sokoni hakikuwa na mbung'o, wala hakuna aliyekipandisha hadhi. Kilikuwa na madiwani. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kukabidhi ripoti yake mwaka 2004, ilizikuta kansili nyingi nchini zimekuwa wagawaji wa kile zilichowekwa kukilinda. Njia yenyewe haikuhitaji ujanja mwingi: kikao kinapitisha, barua ya ugawaji inaandikwa, kisha ukuta unainuka kabla ya hati kutoka.

Katiba ya 2010 ilipanga upya. Serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, zilipewa bustani, fukwe na viwanja vya burudani, tena zinashikilia sehemu ya ardhi ya umma kwa niaba ya wakazi. Usimamizi wa ardhi hiyo, lakini, uko kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Naona ni busara kutomwachia mtu mmoja ufunguo na kibaba, ingawa sasa mlalamikaji ana milango miwili ya kubisha.

Sheria ya mipango ya 2019 nayo inamruhusu mwananchi kupinga ujenzi unaokusudiwa. Ila pingamizi huhitaji kujua mpaka wa kiwanja uko wapi, na ramani inayouonyesha iko ofisini Homa Bay. Wanaocheza kwenye uwanja huo wako Rodi.