Bahati Ikigawa: Michezo ya Kubadilishana Vitu, kutoka Bonde la Yaeda hadi Mezani kwa Krismasi

Kaskazini mwa Haydom mashamba ya mahindi ya Wairaqw yanakoma, ardhi inashuka, na Bonde la Yaeda linaanza: nchi ya mibuyu, vichaka na asali. Hapo wanaishi Wahadzabe, wawindaji ambao lugha yao wanaisimu hawajaipatia ndugu. Wairaqw waliwafikia karibu zaidi katika karne ya 20, walipotawanyika kutoka nyanda za juu za Irqwa Da'aw. Wadatoga wana mifugo yao upande wa Hanang na hadi ndani ya bonde lenyewe. Katika kona hii ya Manyara uliota mchezo wa kubadilishana vitu ambao unastahili kutajwa kila tunapozungumzia michezo ya zawadi za sikukuu. Unaitwa lukuchuko.

Vifaa vyake ni magome ya mti. Kila mchezaji ana kipande chake cha duara, chenye upande laini na upande unaokwaruza. Kipo pia kipande kimoja kikubwa, kisicho cha mtu yeyote. Vyote hukusanywa pamoja, vikarushwa kwa nguvu kwenye shina la mti, vikadunda na kutawanyika. Mwenye kipande kilicholala kama kile kikubwa, huku vya wenzake vyote vikiwa vimelala kinyume, ndiye anayeondoka na dau. Wakati wa kiangazi, kambi zinapokuwa kubwa, wanaume waliweza kukaa chini ya mti kutwa nzima wakirusha, wakibishana na kucheka.

Dau lilikuwa mshale wa sumu, kisu, shanga, nguo, au kiko cha jiwe. Lakini si kila kitu kiliruhusiwa. Upinde wa mtu, mishale yake ya ndege isiyo na sumu, na mkoba wake wa ngozi havikuwekwa dau. Mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwaka 1958, alilitazama sharti hili kwa makini, na mwaka 1982 akalieleza katika makala yake kuhusu jamii zenye usawa. Vitu visivyochezewa ni vile ambavyo kila mwanamume hujitengenezea mwenyewe, kwa malighafi inayopatikana kila mahali. Vinavyochezewa ni vile ambavyo asili yake iko sehemu fulani tu. Jiwe la kuchongea viko halipatikani kila kilima, wala mmea wa sumu hauoti kila bonde. Mchezo ulivichukua vitu hivyo penye wingi ukavifikisha penye uhaba, bila soko, bila mchuuzi na bila mtu kuombwa.

Kutoombwa huko ndiko kiini cha jambo. Mwaka 1925 Mfaransa Marcel Mauss alichapisha insha yake mashuhuri kuhusu zawadi, akionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu: kuitoa, kuipokea na kuirudisha. Aliyepewa anabaki na deni, na asiyeweza kulilipa hushuka hadhi. Lukuchuko inamwondoa mtoaji. Aliyepoteza kiko hakumpa mtu. Aliyekipata hana wa kumshukuru. Na kwa kuwa mrusho hautegemei ufundi, mshindi hana cha kujivunia. Akitaka kuondoka na mali aliyoshinda, wenzake humbana aendelee kucheza, hadi vitu vianze tena kuzunguka.

Watawala nao waliujua utamu wa bahati, ila waliutumia kwa namna nyingine. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Kaisari Augusto, wakati wa sikukuu ya Saturnalia mwezi Desemba, aligawa nguo, dhahabu na fedha, na mara nyingine akatoa vitambaa vya singa za mbuzi, sponji na koleo. Kwenye karamu zake aliwauzia wageni kura za vitu vyenye thamani tofauti kabisa, na picha zilizogeuzwa nyuma, ili mnunuzi asijue kama amepata au amepatikana. Kicheko kilikuwepo, lakini mtoaji alibaki mmoja, na kila mgeni alijua ni nani.

Mchezo wa Krismasi unaochezwa leo katika nchi nyingi uko karibu zaidi na mti wa Yaeda kuliko na ukumbi wa Kaisari. Norwei, nchi ya wamisionari wa Kilutheri walioanzisha Hospitali ya Haydom katika miaka ya 1950, ina mchezo uitwao pakkelek. Kila mtu analeta kifurushi kilichofungwa, vyote vinawekwa katikati, na dadu inazunguka. Anayepata sita anachukua kimoja. Vikiisha, raundi ya pili inaanza kwa muda uliopangwa, na sasa sita inampa mtu ruhusa ya kumpokonya jirani. Wamarekani nao hupokonyana vifurushi, kwa zamu za kura badala ya dadu.

Tanzania nayo inalifahamu wazo hili kwa sura nyingine. Wanawake wanaocheza upatu huamua kwa kura nani aanze kupokea, ili asionekane aliyependelewa. Maofisini na kwenye kwaya, karatasi zenye majina huokotwa kabla ya Krismasi, na kila mtu hununulia zawadi jina lililomwangukia.

Anayeandaa mchezo wa namna hiyo ana mambo mawili ya kujifunza kutoka Yaeda. La kwanza ni mpaka: kikundi kikubaliane mapema bei ya juu ya zawadi, ili mwenye mshahara mdogo asijikamue na mwenye mkubwa asijionyeshe. La pili ni kumficha mtoaji. Kifurushi kisiandikwe jina, na upokonyaji uwe na kikomo, kwa mfano kitu kisipokonywe zaidi ya mara tatu, la sivyo mchezo utageuka ugomvi.

Ipo tofauti moja ambayo vijana wa miji yetu midogo wanahitaji kuiona waziwazi. Mashine za kutumbukiza sarafu na mikeka ya kubeti pia hutumia bahati. Ila huko fedha huchukuliwa kwa wengi zikaishia kwa mwenye mashine, ambaye haketi nao na hawezi kubanwa aendelee kucheza hadi apoteze. Chini ya mti wa lukuchuko mishale yote ilibaki kwa wachezaji wenyewe, na aliyeshindwa jioni alikula nyama ileile na mshindi, kwa kuwa nyama haikuwa dau. Mchezo wa Krismasi unaochezwa vizuri unapita kipimo hicho: vitu vyote vilivyoingia chumbani vinatoka na watu walewale, na hakuna aliyekwenda nyumbani akiwa amepungukiwa na kitu anachokitegemea.